Fundi Mitambo na Haki ya Kusikika

Ibara ya 18 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake. Wanafunzi wangu hapa Lushoto wanaijua ibara hiyo barabara, na kila tunapoijadili darasani mazungumzo huelekea upande mmoja: nani anamzuia nani asiseme. Ni mjadala wa lazima, nami sina nia ya kuupunguzia uzito. Lakini kuna swali la pili ambalo katiba hailijibu, na ambalo sisi wasomi hulipita haraka. Mtu ambaye hakuna aliyemkataza kusema, akasema, na bado maneno yake yasimfikie yeyote, tumhesabu kuwa amejieleza?

Nataka kulijibu swali hilo kwa kupitia kazi ambayo wengi wetu hatuitambui hata tunapofaidi matunda yake: kazi ya kuchanganya na kusawazisha sauti za wimbo uliokwisha kurekodiwa, ambayo vijana wa studio huiita kumiksi. Msomaji aliyezoea kukutana nami katika masuala ya bajeti, ardhi na uchaguzi atajiuliza nimepotelea wapi. Namwomba anivumilie. Nitarudi kwenye bajeti kabla ya kumaliza.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Nyimbo nyingi za siku hizi hazirekodiwi zote kwa pamoja. Ngoma hurekodiwa peke yake, gitaa la besi peke yake, kinanda peke yake, mwimbaji kiongozi peke yake na waitikiaji peke yao. Kila sauti hukaa katika mkondo wake ndani ya kompyuta, na wimbo wa kawaida waweza kuwa na mikondo ishirini au arobaini. Fundi wa kumiksi huipokea mikondo hiyo na kuifanya iwe wimbo mmoja. Yeye ndiye anayeamua nini kiwe mbele na nini kiwe nyuma, nini kikae kushoto na nini kulia, wapi pawe na mwangwi na wapi pawe pakavu. Baada yake huja hatua ya mwisho, inayoitwa masta, ambapo wimbo mzima husawazishwa ili usikike vema redioni, kwenye simu na katika spika za ukumbini. Tukilinganisha na kazi ya kitabu, kurekodi ni kuandika muswada, kumiksi ni uhariri, na masta ni kupiga chapa. Hakuna mwandishi wa maana anayeona aibu kuwa na mhariri. Mwanamuziki anayejitegemea, yaani yule asiye na kampuni wala meneja wa kumlipia, ndiye tunayemtaka achape muswada wake jinsi ulivyo, kisha tunamshangaa kwa nini hausomeki.

Nimeliona hilo kwa karibu. Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana watano kutoka kijiji kimoja cha juu ya Mlalo kilinijia nyumbani. Mmoja wao ni mtoto wa dada yangu, na mjomba haombwi mara mbili. Walikuwa na wimbo wa Kishambaa wenye kiitikio cha Kiswahili, unaohusu jambo ambalo kila familia ya milima hii inalijua na wachache hulitamka hadharani: wasichana wetu wanaochukuliwa kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Beti mbili za kwanza zilisimulia safari ya binti anayeondoka na mfuko mmoja akiwa ameahidiwa kwamba atasomeshwa ushonaji. Ubeti wa tatu ndio uliokuwa kiini. Ulimwelekea mama mzazi na kumfundisha maswali matatu ya kumuuliza anayekuja kumchukua binti: ni mtaa gani na nyumba ya nani, jirani yupi ana simu, na mshahara utapokelewa na nani. Ilikuwa elimu ya uraia iliyo safi kuliko semina nyingi nilizopata kuhudhuria.

Wimbo huo waliurekodi katika chumba cha rafiki yao mjini Lushoto, kwa kompyuta moja na maikrofoni moja. Waliupeleka katika kituo kimoja cha redio, ambacho sitakitaja, wakajibiwa kwa upole kwamba haujafikia kiwango cha kurushwa hewani. Vijana waliondoka na hakika mioyoni mwao. Mpwa wangu aliniambia, "Mjomba, wametukatalia kwa sababu ya ujumbe. Hao mabosi wa mjini ndio wenye wasichana majumbani mwao." Nilimwomba aniwekee wimbo. Ubeti wa kwanza niliusikia nusu. Ulipofika ubeti wa tatu, kinanda na matoazi vilikuwa vimepanda juu, besi imefura, na maswali yale matatu yamezama kabisa. Mimi ni mzaliwa wa milima hii, nilikuwa nimekaa kimya ndani ya chumba kilichofungwa, na niliambulia neno moja tu: mshahara. Nikajiuliza mama aliyeko gulioni, kati ya kelele za wauza viazi na pikipiki, angeambulia nini.

Sisemi kwamba ujumbe haujawahi kuwa sababu ya wimbo kukataliwa katika nchi hii. Nasema kwamba hapa ujumbe wenyewe ulikuwa haujafika mlangoni. Nikamwambia, "Mpwa wangu, kabla hatujamshtaki mtu kwa kuukataa wimbo wenu, tuhakikishe kwanza ameusikia."

Walichanga kwa kuuza karoti na viazi, nami nikaongezea, ikapatikana shilingi laki mbili na nauli. Tukapanda Coaster, tukashuka kona za Soni hadi Mombo, tukapita Korogwe, Segera na Muheza, hadi Tanga mjini kwa fundi mmoja wa makamo aliyejifunza kazi katika vikundi vya taarabu na kwaya. Kabla ya kugusa kitu aliwauliza swali ambalo hawakuwahi kuulizwa: "Wimbo huu mnataka usikilizwe wapi?" Wakamjibu kwamba kwa simu, redio ya betri, pikipiki na gulio. Akazima spika zake kubwa, akauweka wimbo kwenye simu ya kawaida, akasikiliza mara tatu bila kusema neno. Kisha akawaambia ukweli wa kwanza: ubeti wa tatu hautengenezeki. Chumba walichorekodia kilikuwa na kuta tupu, na mwangwi wake umeshikamana na sauti ya mwimbaji kama rangi iliyokolea kwenye nguo. Ubeti huo uliimbwa upya palepale, mbele ya mablanketi mazito. Kumiksi hakufufui kilichokufa wakati wa kurekodi, na fundi mwaminifu hulisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Yaliyofuata yalichukua siku mbili, nami niliyafuatilia kama mwanafunzi. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia takriban 20 hadi 20,000 kwa sekunde, lakini halisikii yote kwa wepesi sawa. Huwa jepesi zaidi kati ya 2,000 na 5,000. Katika eneo hilo na juu yake ndiko zinakokaa konsonanti nyingi, sauti kama s, sh, t na k ambazo hutenganisha neno na neno. Irabu hukaa chini zaidi, nazo ndizo zinazobeba nguvu ya uimbaji. Konsonanti zikifunikwa, msikilizaji hubaki na sauti tamu isiyo na maana, kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Katika rekodi ya vijana wetu, kinanda kilikuwa kimejaa hukohuko zilikokuwa konsonanti. Fundi alikipunguza katika eneo hilo peke yake, bila kukishusha chote, na maneno yakaanza kutokeza kama njia inavyotokeza mtu anapofyeka majani.

Jambo la pili lilikuwa besi. Vijana walikuwa wamesawazisha wimbo wao kwa hedifoni za bei nafuu zinazovimbisha besi. Lakini spika ndogo ya simu haina uwezo wa kutoa sauti za chini kabisa, kwa hiyo nguvu yote waliyoimwaga huko ilimaliza nafasi ya wimbo na kupotea njiani. Jambo la tatu lilikuwa mwimbaji mwenyewe, binti anayejua kunong'ona na kupaza katika sentensi moja. Alipopaza alifoka, aliponong'ona alitoweka. Fundi alitumia kompresa, chombo kinachopunguza pengo kati ya sauti kubwa na ndogo, kisha akapita neno kwa neno akipandisha yaliyozama. Waitikiaji aliwagawa kushoto na kulia ili katikati abaki binti na maneno yake.

Kuna jambo la nne, nalo ndilo lililonifundisha zaidi. Kishambaa, tofauti na Kiswahili, ni lugha ya toni: kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya usemi wenyewe. Zipo programu za kunyoosha sauti ya mwimbaji ili ikae sawasawa na kinanda, na studio nyingi huzitumia kwa mazoea. Fundi alipoanza kuitumia katika ubeti wa pili, binti akamzuia: "Kaka, hapo umenipeleka pengine. Sisi hatutamki hivyo." Fundi hajui Kishambaa, lakini alikuwa na adabu ya kazi yake, akaiondoa, akaacha sauti ipande na kushuka ilivyotamkwa. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba ufundi huu si suala la mashine peke yake. Mashine ingenyoosha, na matamshi ya wenyewe yangepotea bila mtu kujua.

Wimbo ulirudi kituoni na ukarushwa katika kipindi cha jioni. Haukumfanya mtu yeyote kuwa maarufu. Lakini mama mmoja anayeuza maboga alimsimamisha mpwa wangu gulioni akamweleza kwamba dalali alipokuja kwake kumwomba binti, alimuuliza maswali yote matatu, na dalali aliahidi kurudi na majibu, asirudi. Nimesoma taarifa nyingi za miradi zenye matokeo hafifu kuliko hayo, zilizogharimu zaidi ya shilingi laki mbili.

Sasa nije kwenye historia, kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba gharama ya kumiksi imekuwa siku zote mzigo wa msanii. Haikuwa hivyo. Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililoundwa mwaka 1956, lilichukuliwa na Serikali na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Studio zake za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, zilirekodi bendi za kila pembe ya nchi: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz na nyingine nyingi, pamoja na kwaya, taarabu na ngoma za asili. Nyuma ya kioo aliketi mtu tuliyemwita fundi mitambo, mwajiriwa wa umma. Hakuwa na mikondo arobaini. Bendi ilipiga kwa pamoja, naye alichanganya sauti papo hapo kwa kupanga maikrofoni na watu: mpiga tarumbeta asogee nyuma, mwimbaji asogee mbele, gitaa la solo lipunguzwe. Sikilizeni rekodi hizo leo. Vyombo vyao vilikuwa vichache na mitambo yao ya kizamani, na bado kila neno linasikika. Nimewahi kuwapa wanafunzi zoezi la kuandika maneno ya wimbo mmoja wa miaka ile na wimbo mmoja wa mwaka huu kwa kusikiliza mara moja tu. Wa zamani waliumaliza.

Sitaki kuipamba historia hiyo. Radio Tanzania ilikuwa na kamati ya kupitia maneno ya nyimbo, na wapo waliozuiwa. Wanamuziki walilipwa kidogo, na bendi zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi. Redio ikiwa moja, mlango huwa mmoja. Lakini ndani ya mfumo huo wenye kasoro kulikuwa na kanuni moja ambayo hatukuipigia kura ilipoondoka: kwamba usikivu wa wimbo ni huduma ya umma, na fundi anayeuleta hulipwa kutoka mfuko wa wote. Bendi ya Tanga na bendi ya Dar es Salaam zilipita mikononi mwa mafundi walewale.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua masafa kwa redio binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Zikaibuka studio za Dar es Salaam zilizozaa muziki wa kizazi kipya, kama MJ Productions ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani. Tuliufurahia uhuru huo, na tulikuwa na haki. Lakini tazama kilichotokea kwa fundi mitambo. Kazi yake ilimezwa na prodyuza, ambaye sasa anatunga biti, anarekodi, anamiksi na kufanya masta, mara nyingi kwa siku moja na kwa malipo ya jumla. Wenye vipaji vikubwa waliimudu. Wengine walijifunza kwamba msanii hulipia biti anayoisikia na hulalamikia gharama ya kazi asiyoiona. Ndipo kumiksi kukawa kitu cha kuruka. Na kwa kuwa mafundi wazoefu walibaki Dar es Salaam, umbali ukawa kodi: kijana wa Kinondoni hulipa nauli ya daladala, kijana wa Mtae hulipa safari ya siku nzima, chakula na malazi.

Kodi hiyo inazaa nyingine. Mirabaha hulipwa kwa kazi zinazotumika. Januari 2022 COSOTA, iliyoundwa kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, iligawa kwa wanamuziki mirabaha ya takriban shilingi milioni 312 iliyotokana na matumizi ya kazi zao katika vyombo vya utangazaji. Tunaweza kubishana kama fedha hizo zinatosha. Lakini wimbo uliokataliwa mlangoni kwa sababu hausikiki haumo katika hesabu hata ya shilingi moja. Asiyemiksi hachezwi, asiyechezwa halipwi, na asiyelipwa hana cha kumiksia wimbo unaofuata. Umaskini hujizungusha namna hiyo katika kilimo chetu cha mboga pia, ambapo mkulima asiye na kreti za kufungashia huuza kwa bei ya kutupa, na kwa bei hiyo hawezi kununua kreti.

Najua pingamizi linalokuja, na ni zuri. Msomaji atasema kwamba ufundi huu unaleta usare, kwamba kila wimbo utafanana na wa Dar es Salaam, na kwamba ukali wa sauti ya mtaani una uzuri wake. Atanitajia singeli, na atakuwa sahihi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, kazi za Studio ya Sisso ya Mburahati, na muziki ule wa kasi na mikwaruzo ukasikilizwa Ulaya na kwingineko. Lakini hebu usikilize kwa makini. Ukali ule umechaguliwa na watu wanaoijua mashine yao, wanaojua wanavunja nini na kwa ajili ya nani. Kuna tofauti kati ya mtu anayevaa nguo iliyochanika kwa mtindo na yule ambaye hana nyingine. Ninachowatakia vijana wa Mlalo, Soni na Bumbuli ni uwezo wa kuchagua. Kwaya ya mlimani ikitaka isikike kama ilivyo kanisani, fundi hodari ataiacha isikike hivyo. Kikundi cha mdumange kikitaka vumbi la uwanjani libaki ndani ya rekodi, atalibakiza. Asiye fundi hana uwezo wa kubakisha chochote kwa makusudi.

Pingamizi jingine ni kwamba siku hizi zipo programu zinazomiksi zenyewe kwa kubonyeza. Zinasaidia, hasa kwa mazoezi, na sioni sababu ya kuzidharau. Ila programu haikuulizi wimbo utasikilizwa wapi, wala haijui ubeti upi ndio kiini. Nyingi hukimbilia kuupandisha wimbo uwe mkubwa, na ukubwa huo hauna faida hata kibiashara. Spotify, kwa mfano, hupima ukubwa wa sauti wa kila wimbo na kwa kawaida huzileta nyimbo zote kwenye takriban -14 LUFS, kipimo cha jinsi sikio linavyohisi ukubwa wa sauti. Aliyeubana wimbo wake ili upige kelele kuliko wenzake hushushwa, akabaki na wimbo uliobanwa na usio na nguvu. Wahenga walishatuambia habari za debe tupu. Wahenga haohao walisema kizuri chajiuza, nasi huirudia methali hiyo kuwaambia wasanii kwamba wimbo mzuri hauhitaji msaada. Kizuri hujiuza kikionekana. Kilichofunikwa na gunia hakijiuzi hata kiwe dhahabu.

Nimeahidi kurudi kwenye bajeti. Halmashauri zetu zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 ili urekebishwe, ukarejeshwa Julai 2024. Kikundi cha muziki ni kikundi cha vijana kama kingine chochote. Tatizo liko katika jicho letu sisi tunaopitia maombi. Kikundi kikiomba kununua spika na jenereta, tunaelewa, kwa kuwa spika inaonekana na inaweza kukaguliwa. Kikiomba fedha za kumiksi nyimbo nane, tunauliza: mradi uko wapi? Ndugu zangu watumishi wa umma, mradi ni hizo nyimbo nane. Zinasajiliwa, zinauzwa, zinachezwa na zinaweza kuendelea kuingiza mirabaha kwa miaka mingi baada ya ile spika kuungua. Tunakubali kumkopesha mkulima fedha za kufungasha nyanya zake. Kumiksi ni ufungashaji wa mwanamuziki. Vivyo hivyo kwa Mfuko wa Utamaduni na Sanaa: msanii wa wilayani aulizwe gharama za ufundi wa sauti, na zihesabiwe kuwa gharama za uzalishaji.

Hatua ya pili ni kuwaleta mafundi huku. Kenya ina mfano wa kujifunza. Ketebul Music ya Nairobi, iliyoanzishwa na Tabu Osusa mwaka 2007, imekuwa ikishirikiana na wenzao wa Uingereza katika mradi wa Singing Wells, ambao tangu 2011 umepeleka studio ya kuhamishika vijijini na kurekodi muziki wa asili pale unapochezwa. Sisi tuna Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo chimbuko lake ni chuo kilichoanzishwa mwaka 1981. Hakuna kinachozuia mwanachuo wa ufundi wa sauti kufanya mafunzo yake kwa vitendo akiwa Lushoto, Pangani au Handeni, miezi mitatu, katika chumba kimoja cha halmashauri kilichofungwa mablanketi ukutani. Afisa utamaduni wa wilaya angepata kazi ya kujivunia, na mwanafunzi angejifunza kuchanganya sauti za lugha asizozijua, somo ambalo halifundishiki ubaoni.

Hatua ya tatu ni yenu, vijana. Msimpelekee fundi wimbo ambao umekwisha kuunganishwa kuwa kitu kimoja mkitaraji autenganishe. Mpeni kila mkondo peke yake, bila mwangwi na bila kupandishwa hadi ukingoni. Kubalianeni kwa maandishi: bei, siku ya kukabidhi, na mara ngapi mtaruhusiwa kuomba marekebisho. Lipeni nusu mwanzo na nusu mwisho. Kaeni naye, hasa kama mnaimba kwa lugha asiyoijua. Mkimaliza, ondokeni na mikondo yote katika diski yenu wenyewe, kwa sababu kompyuta ya studio ikiibwa au kuharibika, kazi ya miaka yenu huondoka nayo. Na mnapoutoa wimbo, andikeni jina la fundi. Ni malipo yasiyo na gharama, na ndiyo njia pekee ya msanii mwingine wa mlimani kujua kwamba mtu huyo yupo na anapatikana Tanga.

Tunapoitetea Ibara ya 18, na tuendelee kuitetea mahakamani, bungeni na mitaani. Lakini uhuru wa kujieleza una mwili. Una hewa inayotikiswa, sikio linalopokea, konsonanti inayosalimika au kuzama, na mtu mwenye ujuzi anayekaa katikati akihakikisha kwamba kilichosemwa ndicho kinachosikiwa. Serikali iliwahi kumlipa mtu huyo. Soko likamchukua na kumweka mbali. Kazi iliyo mbele yetu ni kumrudisha karibu, na inaweza kuanza na jambo dogo katika msimu huu wa kupitia maombi ya mikopo: afisa mmoja, mbele ya fomu ya kikundi cha vijana watano, akutane na mstari unaosomeka "gharama za kumiksi", na asiukate.